Tulivyomsuta Mpangaji Wetu

Watu wa rika langu wakikutana hupenda kusema kwamba zamani kulikuwa na adabu. Vijana wanatuamini, maana hawakuwepo. Mimi mazungumzo yakifika hapo huomba maji ya kunywa, au najifanya nimesahau kitu jikoni. Adabu ilikuwepo, sikatai. Nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu, uani kwetu Kariakoo, na mikono yangu hii ndiyo iliyokuwa ikiipigia makofi.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa bibi harusi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimetoka kwetu Ilala, mahali ambapo mtu anatembea kwa miguu na kufika kabla jasho halijamtoka. Lakini mwanamke akishaingizwa nyumba ya watu, hata Ilala inakuwa nchi nyingine. Nyumba ya kina mume wangu ilikuwa kama nyumba zote za mitaa ile: fito na udongo, bati juu, baraza mbele, ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, nyuma ua wenye jiko, choo na mlango wa kutokea uchochoroni. Mwenye nyumba alikuwa baba mkwe wangu, naye alifariki mwezi wa sita tangu nifike. Vyumba viwili walipanga vijana wa bandarini, ambao tuliwaona alfajiri na magharibi tu. Chumba cha mbele, mkono wa kulia, alipanga mchuuzi wa ndizi na vitunguu kutoka Kilimanjaro, Mkristo, pamoja na mkewe. Mume wangu alikuwa tarishi katika ofisi moja kule Posta. Kwa hiyo mchana, wanaume wakishatawanyika, nyumba nzima ilibaki na wanawake watatu: mama mkwe wangu, mke wa mchuuzi, na mimi. Hesabu hiyo ya watatu naomba ikumbukwe.

Huyo mke wa mchuuzi alinipita kama miaka kumi. Alikuwa mrefu, mpole, akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Nilimwita dada, yeye akaniita bibi harusi, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo mlangoni pake kabla sijashika ufagio. Walipokuja kuomba chumba, baba mkwe wangu aliwapokea kwa maneno ambayo kila mtu wa pwani huyasema bila kufikiri: mgeni njoo, mwenyeji apone. Naye akajifunza desturi zetu kwa bidii iliyonitia haya, kwa sababu mimi mwenyewe nilizifuata kwa woga tu. Mwezi wa Ramadhani hakula mbele yetu hata tonge moja, na jioni alileta uji wake kwenye futari yetu. Akipita ukumbini wenye nyumba wakizungumza, hupiga hodi, kana kwamba ukumbi ule hakuulipia kodi. Kila jambo jipya aliuliza, "Na hili kwenu linafanywaje?" Mama mkwe alimpenda. Alimwita mwanangu.

Baba mkwe alipofariki, mama akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, godoro limeshushwa chini, nguo nyeupe, hakuna mafuta wala manukato, hakuna kutoka nje, hakuna kuonana na mwanamume asiye ndugu wa damu. Aliyesimamia yote hayo alikuwa somo yangu, yaani kungwi aliyenifunda kabla ya harusi yangu. Mwanamke yule alikuwa mfupi, mnene, na mtaa mzima ulimwogopa kuliko askari wa manispaa. Yeye ndiye aliyejua nani akae wapi msibani, nani apewe nini harusini, na nani asutwe.

Kusutwa labda nieleze. Mtu akisema neno baya juu ya mwenzake, neno likazunguka mtaani, aliyesemwa anakusanya wanawake. Wanashona kanga sare, wanachukua vigoma viwili, wanamwendea msemaji kwake mchana kweupe. Anawekwa katikati kwenye mkeka. Anaulizwa mara tatu: umesema, hukusema? Akisema ameambiwa na fulani, ngoma inahamia kwa fulani. Akinyamaza, amekiri, na ngoma inapigwa pale pale, anaimbiwa mpaka jua linapungua. Baada ya hapo hasalimiwi. Somo alinifundisha hilo siku za unyago, pamoja na mengine ambayo si ya kuandika. Nilimwuliza, je, mtu akisutwa kwa makosa? "Ngoma ya kumsuta mtu ipo," akasema, "ya kumrudishia heshima yake haipo. Ipo salamu tu. Mtu wa nyumba iliyomsuta akimwamkia mbele za watu, basi, limekwisha."

Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hakuwemo ndani ya nyumba ile, wala jina lake halikutajwa. Mama alikuwa na binti mmoja, wifi yangu, aliyekwenda kukaa mtaa wa Gerezani na fundi wa karakana ya reli, Mkristo wa huko huko Kilimanjaro, bila ndoa ya dini yetu. Baba yake alitamka mbele ya ndugu kwamba hana binti, na mkewe akikanyaga kwa binti yule asirudi. Siku ya maziko nilimwona mwanamke mmoja amesimama kwenye baraza la nyumba ya ng'ambo, buibui limefunika uso wote, amesimama tangu maiti haijaoshwa mpaka jeneza lilipopinda kona. Nilimwuliza somo yangu ni nani yule. Akanikanyaga mguu.

Ilikuwa mwezi wa pili wa eda. Saa nane mchana, ule wakati ambapo jua la Kariakoo linawalaza watu wote na kuku wanakaa kimya chini ya mitungi, nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango wa chumba changu nikingoja upepo wa ukumbini. Nikamwona mama mkwe wangu anatoka chumbani kwake. Alikuwa amevaa buibui. Mkononi alishika sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Akapita uani, akafungua mlango wa uchochoroni taratibu ili bawaba zisilie, akatoka. Alirudi karibu na alasiri, sufuria tupu.

Siku ya tatu ikawa vile vile.

Nikiulizwa leo kwa nini nilisema, sina jibu la kunisitiri. Sikumchukia mama. Hakuwa amenifanyia baya lolote. Ila pale bombani, tulipokuwa tukipanga madebe kungoja maji, mimi nilikuwa bado mtoto mbele ya wale wanawake. Walizungumza juu ya kichwa changu. Nilipotia neno walinitazama kama mtu anavyomtazama paka aliyepanda kitini. Nilitaka nami niwe na cha kusema. Basi, asubuhi ya siku ya nne, nikamnong'oneza mwanamke mmoja muuza vitumbua, ambaye alikuwa akinipa nafasi ya kukaa kando yake: "Mama yetu anatoka mchana. Anabeba sufuria." Hayo tu. Maneno sita. Aligeuka akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nihamie mtaa ule, akanisogezea kitumbua cha moto. Nikakila, kikanipendeza.

Jioni nikaona bora nimweleze na jirani yangu, mke wa mchuuzi. Nilimkuta jikoni anaponda ndizi na nyama kwa mwiko, anapika mtori, ule mchuzi mzito wa kwao. Wiki ile alikuwa akiupika kila siku, na kila siku alinipa bakuli, nami nilikula bila kujiuliza mtu mzima asiye mgonjwa anapikaje mtori kila siku. Nilipomwambia nilichokiona, mwiko ulisimama.

"Hukuona kitu, bibi harusi," akasema.

"Nimeona, dada. Mara mbili."

"Hukuona." Akaangalia ukumbini, akarudi kwangu. "Umemwambia mtu?"

"Sijamwambia mtu," nikasema. Uongo ulitoka mwepesi kuliko ukweli ulivyotoka asubuhi.

"Funga mdomo wako basi. Nakuomba kama mdogo wangu."

Nilidhani anajali tu adabu zetu kupita sisi wenyewe, kama kawaida yake.

Maneno sita yale hayakubaki sita. Baada ya siku nne bombani palikuwa kimya nilipofika, na kimya cha bombani kinajulikana. Sufuria ilikuwa imejaa pilau. Ilikuwa ikipelekwa kwa mwanamume, na mwanamume alikuwa na kazi, na umri, na wengine walijua hata kanzu yake. Mjane yuko edani anampelekea bwana pilau, mumewe hajatimiza miezi miwili kaburini. Lisemwalo lipo, walisema, kama halipo laja. Nilimtafuta muuza vitumbua kwa macho, naye akainamia karai lake.

Ijumaa akaja baba mkubwa, kaka wa marehemu. Alikaa barazani, hakuingia ndani kwa ajili ya eda, akazungumza kwa sauti ya kusikika mpaka chumbani kwa mama. Alisema nyumba ile ni ya ndugu yake, na jina ni la ndugu yake. Kama neno hili ni la uongo, mwongo ajulikane na mtaa umwone. Kama ni la kweli, basi mama afunge mzigo wake, arudi kwao Bagamoyo. Alitoa mpaka Ijumaa ya pili, kisha akaomba kahawa. Mimi ndiye niliyempelekea.

Sasa hapo ndipo palipo na jambo ambalo lazima mtu awe wa kwetu ndipo alielewe. Mama hakuweza kunyamaza. Aliyesemwa asiposuta, ameungama. Ukweli haukuhusika. Angekuwa ametoka au hakutoka, angekuwa ameenda kwa bwana au msikitini, mtaa ulikuwa unangoja kitu kimoja tu, kusikia vigoma. Na vigoma haviwezi kupigwa bila mtu wa kuketi mkekani.

Somo yangu akafanya uchunguzi wake. Alimwendea muuza vitumbua, na yule mwanamke, ama kwa kunihurumia ama kwa kuogopa kuvunja ndoa ya watu, alisema neno lilitoka ndani ya nyumba yenyewe, waulizane wenyewe. Somo akarudi, akaingia chumbani kwa mama, nami nikaitwa. Nilisimama karibu na mlango.

"Mchana humu ndani wanawake tuko watatu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayehesabu sahani. "Mimi sikujisema mwenyewe. Mke wa mwanangu ni mtoto, hajui kitu. Amebaki mmoja."

Hakunitazama. Somo alinitazama, kitambo kirefu, halafu akaanza kutaja rangi ya kanga.

Nilikuwa na siku tatu za kusema. Nilizihesabu moja moja. Siku ya kwanza nilijiambia nitamwambia mume wangu, lakini mume wangu alirudi kutoka kazini amekwisha sikia, akasema, "Watu wa bara hawana siri, nilijua," nikamtengea chakula. Siku ya pili nilikwenda mpaka mlangoni kwa jirani, nikamwamkia, akaitikia marahaba kama siku zote, akaniuliza kama nimekula. Siku ya tatu kanga zikaja kutoka kwa fundi. Nyekundu na nyeupe. Yangu ilikuwa imekatwa kwa kipimo changu, na somo mwenyewe ndiye aliyenifunga.

"Wewe ni mke wa nyumba," aliniambia akivuta fundo. "Usipokuwemo watauliza."

Tulikuwa wanawake kama ishirini. Tulizunguka mtaa kwanza, vigoma mbele, watu wakitoka mabarazani, wachuuzi wakisimamisha mikokoteni, kisha tukaingia kwetu kwa mlango wa uani kana kwamba ni nyumba ya watu wengine. Mama alikuwa edani, kwa hiyo alikaa chumbani, mlango wazi, shuka limetundikwa mlangoni asionekane. Jirani yetu aliitwa. Alitoka akifuta mikono, akaona mkeka, akaona kanga zetu. Akaketi. Hakuuliza safari hii kwetu linafanywaje.

Somo akauliza: "Umesema, hukusema?"

Hakujibu.

"Kama umeambiwa, sema nani kakwambia."

Hapo akaniangalia. Si kwa muda mrefu. Nilikuwa mstari wa pili, kando ya mtungi, na macho yake yalikuja moja kwa moja yakanikuta, na nilijua kwamba amejua nilimdanganya jikoni. Angenyoosha kidole tu. Angesema, huyu hapa kaniambia kamwona, na ngoma ingegeuka palepale, na mimi jioni ile ningerudishwa Ilala na sanduku langu kichwani. Nilisubiri. Ndani ya kifua changu, Mungu anisamehe, nilikuwa naomba anyamaze.

Akaangalia mkeka.

"Mara ya tatu. Umesema, hukusema?"

Akanyamaza. Vigoma vikalia.

Sitaandika tulichoimba. Yalikuwa maneno ya papo kwa papo, somo akitoa na sisi tukipokea, juu ya mgeni anayepewa kitanda akavuta na shuka, juu ya watu wa baridi wenye ndimi za moto, na mengine mabaya zaidi. Niliimba. Mwanzo nilifungua mdomo tu bila sauti, lakini mwanamke aliyekuwa kando yangu akanigonga kiwiko, nikatoa sauti. Nilicheza. Nilimzunguka mtu aliyenipa bakuli la mtori siku kumi na mbili mfululizo, nikampigia makofi karibu na sikio kama wenzangu, naye ameketi wima, mikono mapajani, machozi hayamtoki. Baadaye wanawake walisema hana haya, hata kulia hakulia. Ningetaka niseme kwamba nililia mimi. Sikulia. Mbaya zaidi, mahali fulani katikati ya ngoma, mwili ulizoea, nikawa nacheza vizuri.

Ijumaa baba mkubwa alikuja, akanywa kahawa, akasema sasa mambo yako sawa. Mama alibaki na nyumba yake na jina lake. Mgeni alikuja, mwenyeji akapona.

Baada ya hapo ukawa ule ukimya. Jirani akija jikoni, mimi niliondoka, maana ndivyo ilivyotakiwa. Shikamoo yangu ya asubuhi niliimeza kila siku nikipita mlangoni pake na ufagio. Mwisho wa mwezi mumewe alikodi mkokoteni. Walipakia kitanda, masufuria, kinu, magunia mawili. Yeye alifagia chumba, akafagia na ukumbi, akasimama mbele ya shuka la mlango wa mama na kupiga hodi. Mama hakuitikia. Akasema, "Naaga, mama," akatoka.

Eda ikaisha. Mama alikogeshwa, akavalishwa nguo mpya, watu wakala. Wiki iliyofuata aliniambia nivae buibui nimsindikize mahali. Tulikwenda kwa miguu mpaka Gerezani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, zimepangwa mistari, moshi wa karakana umekaa juu ya nguo zilizoanikwa. Alibisha mlango mmoja. Aliyefungua alikuwa yule mwanamke wa baraza la ng'ambo, na nilimjua kwa kimo chake kabla sijamwona uso. Mgongoni alikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitatu.

Sikuambiwa kitu, nilielewa mwenyewe kwa kutazama. Mama akampokea mtoto, akamgeuza, akamnusa shingoni. Wifi yangu alinitengea chai, akaanza kunieleza kwa furaha ya mtu aliyekaa muda mrefu bila mgeni. Alisema alijifungua vibaya, wiki mbili hawezi kusimama. Alisema mume wake na yule mchuuzi wa ndizi ni ndugu, na mke wa mchuuzi ndiye aliyempelekea mama habari, chumba kwa chumba, mtu asisikie. Ndiye aliyekuwa akipika mtori kila siku, kwa sababu kwao mzazi haponi bila mtori, na mama akaubeba mwenyewe alipoweza. "Dada yule," akasema, "sijui ningemlipa nini. Anaendeleaje huko kwenu?"

Nilitazama chai. Mama akasema, "Amehama."

Tulirudi kimya mpaka tulipokaribia Mnazi Mmoja. Hapo nikashindwa. Nikasema, "Mama, yule dada hakusema kitu. Aliyesema ni…"

"Nilikuona," akanikatiza. Hakupunguza mwendo. "Pazia la chumba chako ni fupi. Mara ya pili nilipotoka niliiona miguu yako."

Watu walikuwa wanapita, akaitikia salamu ya mtu, akaendelea. "Kumsuta mke wa mwanangu ni kujivua nguo mwenyewe hadharani. Shemeji yangu alitaka mtu. Ningempa nani?"

"Na yeye alijua?"

"Nilimwambia asubuhi ile, kabla hamjaja. Nilimwambia, mwanangu, nivumilie, nikitolewa nyumba hii sina pa kwenda, na nikimtaja binti yangu wataniambia marehemu alishatoa neno lake. Hakunilaumu." Hapo sauti yake ilibadilika kwa mara ya kwanza. "Aliniuliza jambo moja tu. Na mzazi, nani atampelekea mtori?"

Sikumchukia mama hata siku ile. Nilitaka kumchukia, ingenisaidia. Lakini nilimwona anavyotembea, mwanamke wa makamo mwenye nguo mpya na miguu iliyovimba, aliyelazimika kuchagua kati ya watu watatu aliowapenda na kumtoa yule ambaye hakuwa na ndugu wa kuja kuuliza. Hasira yote ikabaki kwangu. Mdomo huponza kichwa, wanasema. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu, na cha kwangu kikabaki kinasukwa kila Alhamisi.

Nilimpata yule dada sokoni baada ya kama mwezi. Soko la Kariakoo wakati ule lilikuwa banda kubwa la chuma, lina kivuli na kelele, na wauza ndizi walikuwa upande wa mwisho. Mumewe alikuwa amemwachia meza. Nilikwenda peke yangu, mapema, wanawake wa mtaa wetu hawajafika. Nikasimama mbele yake.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Aliitikia upesi, kwa sauti ya chini, akaangalia nyuma yangu. Alipoona sina mtu, akaegemea meza.

Nilimwambia yote. Nilimwomba radhi. Nililia, sasa ndiyo nililia, na watu wakapita na vikapu vyao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua chane la ndizi, akalifunga kwenye jani, akanipa.

"Radhi nimekupa siku nyingi," akasema. "Lakini bibi harusi, hapa wanawake wa kwenu hawanunui. Wanapita wanatema mate. Mume wangu anasema turudi nyumbani, mimi sitaki, nimeupenda mji." Akapangusa meza. "Usije tena peke yako. Ukitaka kuniamkia, niamkie siku uko nao."

Nikasema nitakuja nao. Nilisema kwa moyo wote.

Jumamosi ya wiki ile ile tulikwenda sokoni wanawake watano, somo yangu mbele na kikapu chake. Nilikuwa nimelala nalo, nimeamka nalo. Neno lenyewe ni moja, mtoto wa miaka mitatu analijua. Tulipinda upande wa ndizi. Alikuwa amekaa, akatuona, akaninyanyulia uso, na uso ule ulikuwa unangoja. Somo akageuka akaniangalia. Sijui aliona nini, ila alinishika mkono juu kidogo ya kiwiko, kwa upole, kama alivyonishika siku ya harusi, nami nikapita.

Hawakurudi kwao. Alikaa kwenye meza ile miaka mingi, mpaka bendera ikabadilika, mpaka wanangu wakaanza shule. Wanawake wa kwetu hawakununua kwake. Nami nilipita pale kila Jumamosi, na kila Jumamosi nilikuwa na wenzangu. Baada ya mara chache alijifunza na hilo nalo, kama alivyojifunza desturi zetu nyingine. Akituona tunakuja, aliinama akaanza kupanga ndizi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa, mpaka tupite, ili nisipate taabu.